Aliyemlazimisha Ndiye Mdaiwa

Ketini kwenye baraza yoyote ya Kisauni au Likoni, mazungumzo yamwangukie kijana wa jirani aliyepelekwa kituo cha matibabu, akatoka, akarudia unga wa heroini. Hukumu haichelewi: "Hakutaka mwenyewe." Imamu atasema hivyo, na mwalimu atasema hivyo. Mama aliyeuza cherehani ili alipe ada ya kituo atasema hivyo huku analia. Hata mateja waliowahi kuwacha husema hivyo, tena kwa fahari kidogo, kwa kuwa wao walitaka. Kauli hii imeaminiwa hadi hakuna anayeihoji: mwenye kulazimishwa hapati kitu, matibabu huanza kufanya kazi siku teja atakapoamua, na kabla ya siku hiyo kila shilingi imetupwa baharini.

Naipinga kauli hii, na naipinga nikijua kwamba wanaoishika si watu wabaya. Wengi wao wamechoka tu. Lakini inaua, kwa sababu inamtwika mgonjwa mzigo wote na kutuacha sisi wengine na dhamiri safi. Familia imefanya yake, hakimu amefanya yake, kituo kimepokea ada yake, na aliyeshindwa ni mmoja.

Ninachosema ni hiki. Mtu akilazimishwa kutibiwa, hakuna haja ya kuuliza kama alitaka. Jibu tunalo tayari, ndiyo maana akalazimishwa. La kuuliza ni huyo aliyemlazimisha amempa nini badala ya hiari aliyomnyang'anya. Kulazimisha ni kujiingiza katika deni, na huku ng'ambo za Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, deni hilo mara nyingi halilipwi, kisha anayedaiwa anageuka na kumlaumu anayemdai.

Tuangalie kwanza kauli hii ya nia imetoka wapi. Haikutoka hospitalini. Imetoka msikitini na kanisani, na huko ina haki yake kamili. Toba ya kulazimishwa si toba, na ibada bila nia haisimami. Kosa letu ni kuichukua kanuni ya moyo na kuitumia kuuhukumu mwili. Heroini haikai moyoni peke yake. Kwa anayeitumia kila siku, saa chache baada ya kete ya mwisho arosto inaanza: miayo, machozi, kamasi, jasho la baridi, tumbo kukatika, mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, usiku kucha bila lepe la usingizi. Siku ya pili au ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Maumivu makali hupungua baada ya wiki moja hivi, lakini hamu na kukosa usingizi hubaki muda mrefu.

Mwulize mtu aliye katika hali hiyo kama anataka kuwacha. Asubuhi, kete ikiwa mwilini, atakwambia anataka, na ataapa. Magharibi, arosto ikimshika, utamkosa nyumbani. Sisi husema ametudanganya asubuhi. Hakutudanganya. Yote mawili yalikuwa kweli kwa saa yake, kwa sababu utashi wa mtu huyu hupanda na kushuka pamoja na dawa iliyo mwilini mwake. Kumtaka awe na nia thabiti kabla hujautuliza mwili wake ni kumwomba kitu ambacho ugonjwa wenyewe ndio umekichukua.

Ushahidi mzito dhidi ya kanuni ya nia ulitoka kwa watu ambao hawakuulizwa kabisa. Mwaka 1971 Marekani ilianza kuwapima mkojo askari wake waliokuwa Vietnam, ambako heroini ilikuwa safi, rahisi na ya kupatikana kila mahali. Aliyekutwa nayo hakupanda ndege ya kurudi nyumbani mpaka dawa imtoke. Wengi walitabiri kwamba vijana hao wangeijaza miji ya Marekani mateja. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia. Kati ya wale waliokuwa wametekwa na heroini walipokuwa vitani, ni takriban asilimia 5 tu waliotekwa tena ndani ya mwaka wa kwanza wa kurudi kwao. Je, walikuwa na nia kuliko vijana wa Likoni? Sioni sababu ya kuamini hivyo. Waliondolewa mahali palipokuwa na unga, vita na hofu, wakarudishwa kwenye nyumba, ajira na shule ambako hakuna aliyewangoja konani na kete.

Kijana wa Kisauni anapomaliza miezi mitatu katika kituo, kiwe kile cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, kilichoko Miritini, au cha mtu binafsi, anarudishwa kwa tuktuk hadi nyumba ileile, mtaa uleule, na maskani aliyokuwa akivutia ipo umbali wa kutupa jiwe. Hana kazi. Wanaomsalimu kwa furaha ni wale aliokuwa akivuta nao, maana majirani wengine bado wanaficha simu wakimwona. Akirudia, tunasema hakutaka.

Wala hatukuhitaji Vietnam kutufunza haya. Pwani yetu ilifanyiwa jaribio la kulazimishwa kuwacha, jaribio la mkoa mzima, na tumelisahau. Mwishoni mwa 2010 na kuingia 2011, unga uliadimika. Polisi walikuwa wamewakaza wauzaji, na maskani za Mombasa na miji mingine ya Pwani zikakauka. Hakuna mateja waliofungiwa ndani, hakuna lango lililopigwa kufuli, lakini matokeo kwa mwili yalikuwa yaleyale: watu waliozoea kupata kila siku hawakupata, wapende wasipende. Kama dawa ya teja ni kumnyima tu mpaka akili imrudie, basi mwaka 2011 Pwani ingekuwa imepona.

Haikupona. Arosto ilihamia barabarani na hospitali zikapokea watu ambao hazikuwa na cha kuwapa. Wengine walikimbilia pombe na vidonge, wakichanganya walichokipata bila kujua kiasi. Wengine walinunua kwa bei kubwa poda iliyochanganywa vitu wasivyovijua, na baadhi ya waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga, kwa sababu kilichopatikana kilikuwa kidogo na sindano hukifanya kidogo kifike mbali. Unga uliporudi, watu waliurudia. Hii si hadithi ya watu wasio na nia. Katika wiki zile za ukame wako walioomba msaada, nao walioombwa walikuwa mikono mitupu, kwani nchi haikuwa bado na mpango wa kuwapa mateja dawa ya kushika nafasi ya heroini.

Na kinachouma ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa karibu. Februari 2011, miezi ileile ambayo Mombasa ilikuwa ikigaragara, hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kuwapa wagonjwa methadoni. Kenya ilingoja mpaka Desemba 2014 ndipo ikaanza, Mathari, Nairobi. Malindi na Kisauni zikafuata 2015. Miezi michache kabla ya kliniki ya Mathari kufunguliwa, Agosti 2014, serikali ilikuwa imelipua baharini, nje ya Mombasa, meli iliyokamatwa na heroini ya kilo 370 hivi. Moshi ule ulionyeshwa kwenye televisheni na watu wakashangilia. Mimi sina huruma na waliopakia shehena ile. Ila nchi iliyokuwa na baruti ya kulipulia meli ilikuwa bado haijampa teja wa Kisauni hata kijiko kimoja cha dawa ya arosto, na bado ikamwuliza kwa nini hana nia.

Hapo ndipo wenzangu hunijibu kwa hoja yao nzuri zaidi: basi unakubali kwamba kulazimisha hakufai. Na takwimu wanazo. Nchini Malaysia watafiti waliwafuatilia watu waliotoka katika vituo vya lazima na wengine waliotoka katika vituo vya hiari, wakachapisha matokeo 2017. Nusu ya waliolazimishwa walikuwa wamerudia heroini ndani ya siku 31. Kwa waliokwenda kwa hiari, nusu ilifika baada ya siku 352. Nani atabisha?

Mimi sibishi na takwimu hizo. Nawaomba tu mtazame ndani ya majengo. Vituo vya lazima vilikuwa kambi: kwata, kazi za mikono, nidhamu, ukuta, na mtu akitoka hana kitu. Vile vya hiari vilikuwa na madaktari, methadoni na mlango ulio wazi. Kilicholinganishwa si kutaka na kutotaka peke yake. Ni kutibiwa na kuadhibiwa pia. Mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalipotoa wito mwaka 2012 kwamba vituo vya kuwafungia watumiaji wa dawa za kulevya vifungwe, yalisema pia kwamba mahali pake pawe na huduma za afya za hiari katika jamii. Nusu ya kwanza ya wito tunaweza kuitimiza kwa kutofanya kitu. Ya pili inagharimu.

Tena kuna jambo ambalo wanaosema "mfungie tu" hawalisemi, nalo linaua. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza uzoefu wake. Kiasi alichokuwa akikivuta au kujidunga zamani bila taabu sasa kinaweza kuzima pumzi yake. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine. Siku ya kutoka, ile tunayopika pilau na kumshukuru Mungu, ndiyo siku ambayo uhai wake uko hatarini kuliko siku alipoingia. Aliyemfungia na kumtoa bila kumweleza hivyo, bila kumwunganisha na kliniki, bila kuwapa watu wa nyumbani naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, na kuwaonyesha jinsi ya kuitumia akipoteza fahamu, amemweka mahali pabaya kuliko alipomtoa.

Kwa hiyo deni ninalolisema lina sura. Linaanza mlangoni, kwa ukweli. Nyumba nyingi humpeleka mtu kwa hila: twende tukamwone shangazi, na gari linaishia kwenye lango la chuma. Au wanaume wanne wanamvamia alfajiri. Najua kwa nini inafanywa, mzazi amekwisha kujaribu maneno. Lakini matibabu yanayoanza kwa uongo humfundisha mgonjwa kwamba uongo ndiyo lugha ya nyumba hiyo, naye anaijua kuliko wao. Mwambieni unakwenda wapi, kwa muda gani, utapewa nini, na nani atakuja kukutazama. Anaweza kutukana. Atukane akijua.

Sheria nayo imesogea upande huu, ingawa wachache wanajua. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanamhesabu mwenye tatizo la ulevi au dawa za kulevya miongoni mwa wagonjwa wanaolindwa na sheria hiyo, na yanazungumzia idhini ya mgonjwa na haki yake kuhusu matibabu yake. Maana yake ni kwamba kiboko, mnyororo, kumwagiwa maji baridi na kunyimwa chakula kwa jina la kumtoa ukaidi havina makazi katika neno matibabu. Kituo kinachofanya hivyo kinatenda jinai, hata kikiwa na aya ukutani na baba mtu amelipa.

Kisha arosto. Kumwacha mtu "aikate kwa baridi" hali dawa za kuipunguza zipo ni ukatili usio na faida yoyote. Hautoi funzo. Mateja wote wameonja arosto mara nyingi kabla ya kufika kituoni. Kama uchungu ungefundisha, wangekuwa wamehitimu.

Kuhusu methadoni, najua inavyosemwa: ni unga wa serikali, ni kubadilisha pingu. Maneno haya yamewatoa watu kwenye foleni na kuwarudisha maskani. Methadoni hunywewa, haidungwi. Dozi moja iliyopimwa sawasawa humshikilia mtu siku nzima na zaidi bila stimu na bila arosto, akaweza kula, kulala, kubeba mzigo sokoni, kukaa na wanawe. Anayejidunga akihamia kwenye kikombe ameepuka sindano ya kushirikiana, na hilo si dogo katika nchi ambayo takwimu za serikali zilikadiria maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa wanaojidunga kuwa asilimia 18.3, mara tatu hivi ya watu wengine. Ni kweli kwamba dawa hii inamfunga: kwa kawaida hana budi aje kliniki kila siku, ainywe mbele ya mhudumu. Lakini tazameni foleni ya asubuhi ya kliniki ya Kisauni. Hakuna askari anayewaswaga watu hao. Wengi wao ni wale wale walioambiwa hawana nia. Wamerudi jana, wamerudi leo, kwa miguu yao, kwa sababu kuna kitu mwisho wa foleni.

Kliniki ile ilipofunguliwa, mgonjwa wa Likoni alitakiwa avuke feri, apande matatu hadi mjini, apite Nyali, afike Kisauni, anywe, kisha arudi njia ileile, kila siku, Jumapili na sikukuu. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, matatu si bure. Mtu asiye na kazi atatoa wapi nauli ya safari mbili kila siku? Aliyekosa siku kadhaa alihesabiwa kuwa ameacha dawa. Na tukasema nini? Mimi nilitegemea mtu aulize ni nani aliyepanga dirisha la dozi upande wa pili wa bahari. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za UKIMWI na za watumiaji wa dawa nchini zikatikisika kwa sababu zilijengwa juu ya mfuko wa mwingine. Huwezi kumlazimisha mtu ategemee dawa ambayo wewe mwenyewe hujaiwekea bajeti.

Wanawake nitawataja kwa ufupi kwa kuwa ufupi huo ndio hali yao: vitanda vyao ni vichache, na anayelazimishwa mara nyingi hutishiwa kwa mwanawe. Nenda, la sivyo mtoto anachukuliwa. Akienda, anamkosa mtoto vilevile. Kituo kisicho na nafasi ya mtoto kimemwekea mama mtihani ambao hakuna jibu sahihi.

Sasa nikugeukie wewe uliyepelekwa, kwa kuwa makala haya yakikupita yatakuwa yamekusema nyuma ya mgongo. Si lazima ujifanye umefurahi. Kituo kinachotaka useme kila asubuhi kwamba unashukuru kuletwa kinakufunza kuigiza, na kuigiza unakujua. Unaweza kuwa na hasira na bado ukanywa dozi yako, na dozi haitafanya kazi pungufu kwa sababu ya hasira. Uliza unapewa dawa gani ya arosto. Uliza utatoka lini na ni nani anayeamua. Omba upimwe damu, kifua na homa ya ini, omba kidonda cha mguu kitibiwe, omba jino ling'olewe. Chukua kila ambacho nyumba hiyo inacho, hata kama hilo la kuwacha hujalikubali. Wako walioanza kwa kutaka usingizi tu, na usingizi ukawarudishia kichwa cha kuamua mengine. Na ukitoka ukarudia, jambo linalotokea kwa watu wengi wema, usipime kwa kipimo cha zamani, na usiwe peke yako. Kisha rudi kliniki. Hakuna aliye na haki ya kukwambia nafasi yako imekwisha.

Nawaheshimu waliowacha kwa uamuzi wao, bila dawa, bila kituo. Wapo, na baadhi yao leo ndio waelimishaji rika wanaoingia maskani ambako daktari hafiki. Ushuhuda wao ni wa kweli. Lakini ni ushuhuda wa waliobaki hai. Waliotaka vilevile, wakaapa vilevile, wakafa na sindano mkononi nyuma ya jengo lisilomalizika, hawaitwi kwenye mikutano kutoa ushuhuda, na kwa hiyo tunadhani hawakutaka.

Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inampa hakimu uwezo wa kuamuru kwamba sehemu ya kifungo cha mtumiaji itumike katika kituo cha matibabu. Ni uwezo mzuri, na ningependa kuuona ukitumika zaidi katika mahakama za Shanzu na Mombasa badala ya kumrundika kijana wa kete mbili Shimo la Tewa, ingawa hata huko gerezani sasa methadoni imefika. Lakini amri hiyo isiishie kwenye tarehe ya kuingia. Iandikwe ndani yake kliniki atakayopelekwa akitoka, siku ya dozi yake ya kwanza nje, na nani atalipa nauli. Mzazi naye, kabla hajatia saini kwenye meza ya kituo, adai karatasi hiyohiyo. Na kituo kisichoweza kuiandika kirudishe pesa za mama wa watu.